Kitanda Kisichosemeshwa

Mstari wa kitanda cha nne ulizama asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, na katika wodi nzima ya mahututi hakuna aliyejitia kushangaa. Kwenye ubao wa kioo ukutani kila mgonjwa alikuwa na mstari wake wa mwanga, na mistari mingine yote ilikuwa inaelea juu kwa raha zake. Huu mmoja ulikuwa umeteremka siku baada ya siku, ukagusa ukingo mwekundu, na sasa umepita. Ubao ukatoa mlio mwororo, kama wa kengele za milango ya watu wenye uwezo, na maandishi yakajitokeza: Mwafaka umefikiwa. Kikao ni alasiri.

"Haya," alisema Gwamaka, nesi aliyekuwa anaingia zamu, huku akivaa glavu. "Huyo naye tumemaliza."

Sista Atuganile, inchaji, yaani msimamizi wa wodi, alipaswa kumkemea. Aliyelala kitanda cha nne alikuwa bado anapumua, kwa mashine ndiyo, lakini anapumua, na mtu anayepumua hasemwi kama maiti. Atuganile aliendelea kusaini daftari la zamu. Mtu huyo alikuwa Ambokile, na Atuganile alimchukia chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Ambokile ndiye aliyempiga Tusajigwe. Miaka miwili nyuma, mama yake Ambokile alipozimiwa mashine katika wodi hii hii, Tusajigwe alitoka kwenda kumpa pole mlangoni. Ambokile akanyanyua stendi ya dripu, ya chuma, akamshushia ubavuni mwa kichwa. Tusajigwe, aliyekuwa nesi bora kuliko wote pale, alipoteza sikio moja na pamoja nalo uwezo wa kusimama wima bila kushika ukuta. Hakimu alisema ni uchungu wa msiba, akamtoza Ambokile faini, kila mtu akaenda kwake. Mwezi huu Ambokile ameletwa na homa ya mapafu, ngozi imekuwa ya buluu, na wauguzi wale wale ndio waliompokea.

Walimpokea vizuri, asije mtu akasingizia. Dawa zake alipewa kwa wakati. Mirija yake ilikuwa safi.

Atuganile alisogea kusaidia vitanda vya mwanzo. Kwenye kitanda cha tatu alimkuta Lugano, binti mchangamfu wa Rungwe, akimsafisha kinywa bibi mmoja aliyelazwa kwa dawa za usingizi. "Bibi, ni mimi Lugano, nimerudi tena kukusumbua," Lugano alikuwa anasema. "Nafungua mdomo sasa. Usining'ate, sijaolewa bado." Bibi hakuwa anajua kama yuko Mbeya au mbinguni, lakini ndivyo kazi ilivyo. Kwenye wodi ya mahututi mgonjwa hagushwi kimyakimya. Unamtajia jina lako, unamwambia unachotaka kumfanyia, ndipo unamgusa. Kila nesi hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa sindano, na wazuri huendelea kuongea mpaka wanapiga umbeya.

Lugano alimaliza, akabadili glavu, akaenda kitanda cha nne. Gwamaka akaja upande wa pili. Wakashika shuka, wakampindua Ambokile ubavu, wakamfuta mgongo, wakamrudisha. Hakuna aliyefungua mdomo. Walimgeuza kama wapagazi wanavyogeuza gunia la viazi kwenye lori.

Atuganile alisimama na beseni mkononi. Alijaribu kukumbuka ni lini alisikia mtu akimsemesha Ambokile, hakukumbuka. Akajaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alimsemesha, hakukumbuka pia.

Nyuma ya sikio la kila nesi palikuwa na kidude cheusi kisichozidi punje ya dengu. Serikali ilikiita kihisi cha dhamiri, na waliokivaa walikiita kupe. Kupe alisoma damu, jasho na mtetemo wa sauti kila nesi alipomhudumia mgonjwa, akayapeleka kwenye ubao. Nesi ndiye anayekaa na mgonjwa, ndiye wa kwanza kujua moyoni pale tiba inapogeuka mateso. Zamani hakuna aliyemsikiliza. Daktari aliamua, au mwenye fedha aliamua, na nesi alitumwa kuchomoa mrija huku analia chooni. Mdomo wa nesi uliweza kutishwa na kuzibwa. Kwa hiyo sheria ikaacha kuuliza midomo, ikauliza mioyo. Mioyo ya wodi nzima ikielemewa na mgonjwa mmoja kwa siku za kutosha, mstari wake unazama, na mashine inazimwa. Huo ndio Mwafaka.

Ubaya ni kwamba kupe alijua moyo umeelemewa. Hakujua umeelemewa na nini.

Atuganile aliweka beseni chini, akamwinamia Ambokile, akaingiza mrija wa kufyonza makohozi. Ambokile alikohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa dhaifu, cha mtu anayekataa kitu usingizini, lakini wiki iliyopita hakuwa nacho. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya kawaida. Mtu huyu alikuwa anarudi, taratibu, kwa ukaidi, na alasiri walikuwa wanamzima.

* * *

Atuganile alimkuta Daktari Kisoka ukumbini, akitembea haraka kama ilivyokuwa kawaida yake akiona nesi mwenye swali.

"Daktari, kitanda cha nne anakohoa."

"Nimeona."

"Oksijeni tumempunguzia na anavumilia. Mapafu yanafunguka."

"Nimeona pia, Sista."

"Basi weka pingamizi."

Kisoka alisimama. Alikuwa mtu mwenye uso mzuri uliochoka, na siku hiyo hakujisumbua kuuficha uchovu. "Nipinge Mwafaka? Niwaambie mkoani kwamba wauguzi wote wa wodi hii hawana dhamiri, ila mimi? Unajua daktari aliyejaribu hivyo Songwe yuko wapi sasa? Anauza dawa za mifugo."

"Anaweza kupona."

"Wengi wanaweza. Nyie mlitaka kusikilizwa. Mmesikilizwa." Akaendelea na safari yake, viatu vikigonga sakafu.

Atuganile alimchukia na yeye kwa dakika moja. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa anasema kweli. Yeye Atuganile ndiye aliyetembea barabarani na bango wakati wenzake wa sasa bado wako chuoni. Alipigwa maji ya kuwasha na polisi pale Mafiati. Aliutaka Mwafaka kama watu wanavyotaka mtoto.

* * *

Aliwaita wenzake kwenye chumba cha chai. Walikuja wawili wawili ili wodi isibaki tupu, na aliwaambia wote jambo lile lile kwa maneno yale yale: hakuna anayemsemesha kitanda cha nne.

Lugano alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliweka kikombe mezani.

"Sista, mimi nilijua namchukia," alisema. "Sikujificha. Lakini nilisema moyoni haidhuru, nyie wengine mna mioyo mizuri, mtanifidia. Si ndiyo maana tuko wengi?"

"Gwamaka?"

Gwamaka alikuwa amekunja mikono kifuani. "Na mimi hivyo hivyo," alisema baada ya kusukumwa na macho. "Nilijua Lugano ana huruma za kijinga."

Hata waliokuja baada yao wangesema hivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa ameleta kinyongo chake akakimimina kwenye chungu, akitumaini jirani yake analeta maji. Wote walikuwa wamempenda Tusajigwe, na kwa mapenzi hayo walikuwa wamehukumu mtu kifo bila hata mmoja kujua kwamba anahukumu.

"Sasa tumeshajua," alisema Gwamaka. "Unataka nini? Tukamwimbie?"

"Nataka tuseme kwenye kikao."

"Tuseme kwamba manesi wa Mbeya wanaua kwa kinyongo." Gwamaka alisogeza kiti akasimama. Alikuwa kijana mrefu, na hasira ilimfanya aonekane mrefu zaidi. "Ukisema hivyo leo, kesho Mwafaka umekufa nchi nzima. Tunarudi kule kule, mwenye hela anabaki kwenye mashine, mkulima anazimwa, na wewe unatumwa kuchomoa mrija. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya huyo? Mwache afe, Sista. Halafu tuanze upya, tuwe waangalifu."

"Tuwe waangalifu baada yake."

"Ndiyo. Baada yake."

Lugano alikuwa analia kimya, akijifuta kwa upindo wa sare. Atuganile hakumbembeleza. Alitamani sana Gwamaka awe amekosea kila kitu, lakini nusu ya aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na nusu hiyo ndiyo iliyomuuma.

Tena kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinamkwaruza tangu asubuhi, na alijua ni mtu mmoja tu wa kumuuliza.

* * *

Tusajigwe alipokea simu akiwa barazani kwake Tukuyu. Kwenye kioo alionekana amegeuza kichwa upande, akimwelekezea Atuganile sikio lililobaki.

"Nimeshapata habari," alisema kabla ya salamu. "Mmoja wenu kanitumia ujumbe. Leo nitakula ugali wangu kwa amani."

"Tusa, anaweza kupona."

"Kwa hiyo?"

"Mstari umezamishwa na chuki. Chuki yetu. Kwa ajili yako."

"Asanteni," alisema Tusajigwe, na hakuwa anatania.

Atuganile alisogeza simu karibu. "Nikuulize jambo, unijibu kama nesi. Mama yake. Alipokuwa pale kitanda cha pili. Tulikuwa tunamsemesha?"

Nyuma ya Tusajigwe migomba ilitikisika. Yeye hakutikisika.

"Alitutemea mate, Atu. Siku alipoletwa, kabla hajalazwa kwa dawa, alituita malaya. Alimng'ata Lugano mkono."

"Sijauliza hilo."

"Najua hujauliza hilo."

"Basi nijibu."

Tusajigwe alinyoosha mkono akashika ukuta, ingawa alikuwa ameketi. "Hapana," alisema mwishowe. "Hakuna aliyemsemesha. Hata mimi." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu kuliko Atuganile alivyowahi kuisikia. "Na usithubutu. Unanisikia? Ukilisema hilo mbele ya watu, basi aliyenipiga alikuwa na haki. Nimekaa hapa miaka miwili natembea kama mlevi, kitu pekee nilichonacho ni kwamba sikumkosea. Usininyang'anye."

"Hakuwa na haki ya kukupiga. Hata kama mama yake..."

"Watasema alikuwa nayo! Unawajua watu." Alipumua. "Ukisema, usije tena kwangu. Hata nikifa, usije kunizika."

Kioo kikawa cheusi. Atuganile alibaki amekishika. Kwa watu wa kwao, kumkataza mtu maziko yako ni kumfuta kabisa, na Tusajigwe hakuwa mtu wa kusema maneno ya kupoteza.

* * *

Mratibu wa Mwafaka alikuwa Bi. Chilongani, mama mnadhifu kutoka mkoani, mwenye kishikwambi na sauti ya mtu aliyezoea kuzika. Alisimama miguuni pa kitanda cha nne. Daktari Kisoka alisimama kando yake, wauguzi ukutani, na karibu na dirisha alisimama mke wa Ambokile, amejifunga kitenge kiunoni kama anayejiandaa kupigana au kuanguka. Sheria ilitaka ndugu awepo. Haikutaka aseme.

"Mwafaka umefikiwa na wauguzi wote wa wodi, bila hata mmoja kutofautiana," alisoma Bi. Chilongani. "Nadra sana. Nawapongeza kwa umoja wenu. Inchaji athibitishe."

Kuthibitisha kulikuwa kusema neno moja tu. Atuganile alikuwa amewahi kulisema mara nyingi, na mara nyingine lilikuwa neno la huruma kuliko yote aliyowahi kusema maishani.

"Sithibitishi," alisema.

Gwamaka aliachia ukuta, akapiga hatua moja mbele.

"Una maana Mwafaka umekosea?" aliuliza Bi. Chilongani.

"Haujakosea. Umesoma sawasawa. Tunamchukia mtu huyu. Alimlemaza mwenzetu, na tangu alipoingia hakuna hata mmoja wetu aliyemsemesha. Kupe amesoma chuki, mkaandika dhamiri."

"Sista." Bi. Chilongani aliteremsha kishikwambi, na ile sauti ya mazishi ikamtoka. "Sheria haiulizi hisia zimetoka wapi. Ikianza kuuliza, hakuna uamuzi hata mmoja utakaosimama. Fikiri vizuri kabla hujaendelea. Ukikiri kinyongo, nitalazimika kufungua kila uamuzi uliowahi kutoka kwenye wodi hii."

"Anza na mama yake," alisema Atuganile. "Kitanda cha pili, miaka miwili nyuma. Alituudhi. Naye hatukumsemesha. Labda alikuwa wa kufa, labda hakuwa. Mimi ndiye niliyethibitisha."

Mashine ziliendelea kupumua. Mke wa Ambokile alikuwa amefumba macho. Lugano alikuwa ameficha uso ukutani. Daktari Kisoka aliangalia viatu vyake kwa makini ya mtu anayetafuta doa.

"Amechoka," alisema Gwamaka haraka. "Mama, inchaji wetu amechoka. Hajui anachosema. Mwafaka upo, angalieni wenyewe, uko ukutani."

Bi. Chilongani aliutazama ubao. Mstari ulikuwa bado chini. Kukiri hakukuupandisha hata kidogo, kwa sababu kukiri hakukuwaondolea chuki, na Atuganile alijua hivyo kwa kuwa moyo wake mwenyewe ulikuwa bado mchungu vile vile. "Kipimo kinasimama," alisema Bi. Chilongani. "Nitaandika kwamba inchaji alikuwa na msongo. Daktari, tafadhali."

Kisoka akapiga hatua kuelekea kwenye mashine.

Hapo Atuganile alipeleka mkono nyuma ya sikio, akashika kupe kwa kucha, akamng'oa. Iliuma kuliko alivyotarajia. Damu ikamtiririka shingoni ikaingia kwenye ukosi wa sare. Kwenye ubao mistari yote, ya vitanda vyote, ilitetemeka ikazimika pamoja, kwa sababu sheria aliyoipigania mwenyewe ilisema wazi kwamba pasipo moyo wa inchaji hakuna Mwafaka, na hesabu ya siku huanza upya.

Kisoka alirudisha mkono wake mfukoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu aliyepumzika.

"Unajua ulichofanya," alisema Bi. Chilongani.

"Najua."

"Hutavaa sare tena nchi hii. Na hao wenzako watahojiwa mmoja mmoja. Atakayekuja kukupokea zamu atatoka mkoani jioni. Mpaka hapo usiondoke, wodi haiachwi bila inchaji." Alifunga kishikwambi chake akatoka, na harufu ya marashi yake ikabaki nyuma.

Mke wa Ambokile alimfuata mpaka mlangoni, akageuka. Alimtazama Atuganile, akatazama damu shingoni mwake.

"Mama mkwe alinilea," alisema. "Sina shukrani ya kukupa."

"Sikuidai, mama," alisema Atuganile.

* * *

Wakati wa kugeuza wagonjwa ulipofika, Lugano alianza kitanda cha kwanza na mwenzake. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini alimsemesha mgonjwa. Wakafanya cha pili, wakafanya cha tatu. Kisha wakavua glavu na kwenda kunawa, wakikiruka cha nne, na hakuna aliyemtazama Atuganile machoni.

Mgonjwa mwenye mirija hageuzwi na mtu mmoja. Atuganile aliinua reli ya kitanda upande wa pili, akaja upande wake, akashika shuka, akasubiri. Alikuwa amebandika pamba nyuma ya sikio, na sikio zima lilikuwa linapwita. Alimtazama Ambokile: kidevu chenye mvi changa, mdomo uliovutwa na mrija, mkono mkubwa wa kulia uliolala wazi juu ya blanketi. Ule mkono. Aliuchukia. Alifikiri labda baada ya yote haya chuki ingepungua, angalau kidogo, kama ujira. Haikupungua.

Gwamaka alitokea nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa na mke mjamzito na mkopo wa kiwanja Uyole, na kesho angehojiwa. Aliteremsha reli kwa nguvu, akashika shuka upande wake.

"Mwambie," alisema Atuganile.

"Mwambie mwenyewe."

Ilikuwa haki. Atuganile aliinama karibu na sikio la Ambokile, kama alivyofundishwa akiwa msichana wa chuo.

"Ambokile," alisema. "Mimi naitwa Atuganile. Ni nesi wako mpaka jioni. Ulimpiga rafiki yangu, sijakusamehe. Mama yako hatukumtendea haki, na ukiamka nitakuja kukueleza, popote nitakapokuwa. Sasa nakugeuza ulalie ubavu wa kushoto. Utasikia baridi mgongoni, ni maji tu."

Mkono juu ya blanketi ulikunja vidole. Huenda ilikuwa dawa zinaisha, huenda alikuwa amesikia. Vidole vilijikunja vikawa ngumi, na ngumi ikabaki hapo, imekaza.

Gwamaka aliitazama ngumi hiyo kwa muda mrefu. Atuganile aliona taya lake likicheza, akaona akimtazama yeye, akitazama mlango, akirudi tena kwenye ngumi. Kisha akavuta pumzi.

"Na mimi ni Gwamaka," alisema, meno yakiwa yamebana. "Niko upande wako wa kulia."

Wakahesabu pamoja, wakamgeuza.